Kopo Ndani ya Mota

Jumatatu asubuhi nilibonyeza kitufe cha mashine ya kupasua mbao, ikanguruma tu, mmmmm, bila kuzunguka hata kidogo. Nikazima papo hapo. Lakini Papa Gérard, mwenye karakana, alikuwa mlangoni na alikuwa ameshasikia.

"Uliunguza moteur!" akapiga kelele. "Njo ile mbao ya mulombwa mubichi ulipitisha samedi, juzi. Nilisemaka miye, mwanamuke na mashine haiendake!"

Alisema hivyo mbele ya watu wote, na karakana yetu ya Kasungami haina ukuta upande wa barabara, kwa hiyo hata wauza mkaa walisikia. Kisha akamgeukia Fils, fundi wa milango, mtu mzima mwenye ndevu zake.

"Fils, tangu leo scie iko yako. Chancelvie atapiga msasa."

Msasa! Mimi! Mashine ile niliijua kama mtu anavyolijua jiko lake. Kwa sauti yake tu nilijua kama ubao una fundo au kama meno yamechoka. Kuninyang'anya mashine ile ilikuwa kuninyang'anya jina langu, maana mtaani waliniita Mama Scie, yaani Mama Msumeno, na sikuona aibu. Nilitaka kumwambia maneno ambayo mtoto hamwambii baba.

Badala yake nikasema, "Papa, unipe ile moteur niipeleke kwa muntu wa bobinage. Kama iliungua, nitapiga msasa mupaka nizeeke. Kama haikuungua, utasema mbele ya bantu bote, sawa vile ulisema leo."

"Enda!" akanijibu.

Nikaifungua mwenyewe, nikapanda nayo taksi mapajani, nzito, mafuta yakinichafua kitenge. Nilimkasirikia hata dereva, na maskini hakuwa amenikosea kitu.

Mzee Mwape husuka upya nyaya za mota zilizoungua, katika kibanda chake kule mtaa wa Kenya, mji huu huu wetu, nyuma ya soko. Aliipokea mota, akazungusha ekseli kwa vidole viwili. Ikazunguka laini. Akafungua kifuniko, akatoa lile pande la chuma linalozunguka katikati, akaingiza pua ndani ya tundu lililobaki.

"Mama, nusa."

Nikanusa. Varnishi na vumbi la mbao, basi.

"Moteur ya kuungua, harufu yake utaisikia kutoka kule kwa banauza samaki," alisema. Akapima nyaya kwa kipimo chake, zote tatu, akatikisa kichwa. "Nyaya ziko muzima. Lakini macho haitoshake. Tuiulize yenyewe."

Akaokota kopo tupu la soda. Akasogeza sumaku kwenye kopo, sumaku ikakataa kushika. Alitaka nione kwamba kopo si chuma cha kuvutwa na sumaku. Kisha akapitisha waya mwembamba katikati ya kopo, akalining'iniza ndani ya tundu la mota, katikati kabisa, lisiguse popote. Akaunganisha nyaya tatu kwenye transfoma yake inayopunguza umeme.

"Angaria," akasema, akawasha.

Ee Mungu wangu! Kopo lilianza kuzunguka. Hakuna mkono, hakuna mkanda, hakuna upepo. Ndani ya tundu lile hapakuwa na kitu ila hewa, na hewa ile ilikuwa inalizungusha kopo mpaka maandishi yake yote yakawa mstari mmoja mwekundu. Miaka yote nimesukuma mbao mbele ya nguvu hii, na sikuwahi kuiona uso kwa uso.

"Nani anaizungusha?" niliuliza, nikinong'ona kama niko kanisani.

"Waya moja inaita, ingine inaita, ya tatu inaita, moja nyuma ya ingine. Kopo inafuata tu." Akabadilisha waya mbili, na kopo likazunguka kinyume. Mzee yule alicheka kwa furaha, na kazi hii ameifanya tangu ujana wake. "Miye pia sijaizoea," alisema.

Machozi yalinitoka, sijui kwa nini. Labda kwa sababu kilikuwa kitu kizuri, na nilikuwa nimekuja na hasira tele.

"Papa Mwape, fanya tena."

Akacheka, akataka kuwasha tena. Lakini waya mmoja ulikuwa umechomoka. Kopo likatetemeka pale pale, halikuzunguka, na mota ikatoa sauti. Mmmmm.

Niliruka. "Njo ile! Njo sauti ya mashine yetu!"

Mzee Mwape akazima, akanitazama vizuri. "Basi moteur yenu haina magonjwa. Fazi moja, ile njia moja ya umeme kati ya tatu, haifikake kwake. Na wewe ulizima haraka?"

"Mara moja."

"Basi wewe njo uliiokoa. Ungengoja kidogo tu, ingeungua kweli."

Alifunga kibanda, tukarudi wote wawili. Pale karakana akapima nyaya zinazotoka kwenye sanduku la umeme. Kati ya ya kwanza na ya pili, umeme upo. Kati ya ya pili na ya tatu, sufuri.

"Hizi mbili ni fazi moja tu," akasema. "Nani aligusa hapa?"

Kwetu, fazi ikilegea, watu huhamishia waya wa nyumba kwenye fazi yenye nguvu, ndiyo maisha. Papa Gérard alikuwa anatazama viatu vyake. Nyumba yake na karakana vinalishwa na sanduku hilo hilo.

"Dimanche, jana tu," alisema polepole, "congélateur ya muke wangu, mama Ngalula, ilishindwa kugandisha, ilikuwa inayeyusha samaki. Niliita kijana mumoja, atupeleke ku fazi ya nguvu."

Mzee Mwape akarudisha mahali pake waya wa tatu, ambao kijana yule, akihamisha nyumba, alikuwa ameuhamishia kwenye fazi ya wa pili. Tukafunga mota. Nikabonyeza kitufe, na msumeno ukazunguka, ukaimba ile sauti yake safi.

Papa Gérard akainua mkono ili nizime. Nikazima. Mafundi wote walisimama, na wauza mkaa pia.

"Haikukuwa Chancelvie," akasema kwa sauti kubwa, mtu wa mvi, mwenye karakana. "Ni miye. Yeye njo aliokoa mashine. Unisamehe, mwana wangu. Scie iko yako."

Fils akanisogezea ubao wa mulombwa. Nikawasha, nikaanza kuusukuma. Papa Gérard akaja kusimama upande ule ambako vumbi la mbao hurukia, upande ambao hakuna mtu anayekaa, akashika ncha ya ubao. Vumbi likamjaa kwenye mvi na kwenye shati lake la kazi, naye hakusogea mpaka ubao ukatoka.