Kabla ya Viungo Kuingia

Santina alichota uji wa mumewe kwanza, kama kawaida yake, kabla hajagusa kopo la viungo. Upawa mmoja tu: uji mwepesi wa ulezi, rangi ya maji ya mvua yaliyopita barabarani, bila sukari wala maziwa. Pembeni akaweka kipande chembamba cha papai. Kisha akafungua kopo, na mdalasini, iliki, tangawizi kavu na pilipili manga iliyotwangwa vikaingia katika sufuria kubwa iliyobaki juu ya sigiri. Akakoroga, akafunika. Alijua kwamba muda si mrefu harufu ingevuka pazia imfikie Oola pale mezani. Alingoja ifike, ndipo akampelekea kikombe chake.

"Hii ni maji," Oola alisema.

"Ni uji, Baba Alal."

"Ile ingine inanukia. Kwa nini mimi sipati ile?"

"Ile ni ya wateja. Daktari alisema uji mwepesi, kikombe moja, hakuna sukari. Mimi nafuata daktari."

Oola alikishika kikombe kwa mikono yote miwili, ile mikono mipana ya sajini mstaafu wa polisi, akakimaliza karibu kwa pumzi moja. Hivyo ndivyo Santina alivyotaka. Uji usio na ladha mtu hana sababu ya kuunywa taratibu, na ukishuka kwa haraka namna ile hauachi kitu tumboni. Kabla jua halijaupita msikiti wa Kibuli, mzee yule angekuwa ameanza kuzunguka chumbani, akifunua sufuria tupu na kuzifunika tena. Santina aliizungushia ndoo yake shuka ili isipoe, akajitwika, akashuka kilima kwenda Kabalagala. Moyo wake ulikuwa mweupe kabisa.

Kule Kabalagala wateja walikuwa wakimngoja. Walinzi wa baa waliotoka zamu ndio waliotangulia, macho mekundu, makoti yamepandishwa shingoni. Baada yao walikuja akina dada wa ofisini wanaotaka kupungua, ambao walimpenda kuliko wote.

"Mama, unaweka nini hapa ndani?" mmoja alimuuliza asubuhi ile. "Nikikunywa moja tu, siwazi chapati mpaka mchana. Na mimi najijua."

"Viungo tu, binti yangu. Halafu kunywa polepole. Usikimbie."

Yule dada alicheka, akanywa polepole, na pilipili ikampasha joto mpaka masikioni. Santina alimtazama kwa upendo. Kwa wote hao hakuwa na kinyongo.

Ujuzi wenyewe aliupata katika miaka ile baada ya vita vya themanini na sita, Oola alipoingia polisi na kupewa nyumba ya vyumba viwili pamoja na chumba kidogo cha kuwekea chakula. Kitu cha kwanza alichonunua kwa mshahara wake kilikuwa kufuli ya chumba hicho. Santina akichelewa kurudi kanisani, kufuli. Akionekana akicheka na majirani, kufuli. Wakati mwingine hakuambiwa hata kosa lake. Ufunguo Oola aliuvaa shingoni, kwenye uzi mmoja na rozari yake. Nje aliacha unga kidogo wa ulezi aliopima kwa kikombe chake cha kunyolea ndevu. Yeye mwenyewe alikula kantini.

Aliyesikia watoto wakilia ni Rukiah, mjane Mnubi aliyekuwa na nyumba upande wa pili wa ua, na aliyeuza viungo katika soko la Nakasero. Hakuuliza maswali. Alileta vumbi la viungo lililobaki chini ya magunia yake, akamwonyesha namna ya kupika.

"Uji iive kwanza," alimwambia. "Ikishaiva ndiyo unatia hii, unafunika. Tangawizi na pilipili zitafanya mtoto anywe polepole. Mdalasini itamdanganya kama kuna sukari. Harufu yenyewe ni nusu ya chakula, Mama Alal. Na unga kidogo, weka kidogo, usijaribu kufanya nzito. Maji ya moto yenye viungo itakaa tumboni kuliko hiyo matope ya baridi."

Ilikaa, mara nyingi. Siyo mara zote. Kuna asubuhi moja Alal, binti yake mkubwa, alianguka kwenye mstari wa shule, wimbo wa taifa ukiendelea. Walimu walimwita baba. Oola alikuja na sare iliyopigwa pasi, viatu vinang'aa, akasimama mbele ya mwalimu mkuu na wazazi wengine waliokuwa pale. Santina alikuwa amefika mbio, hata kitambaa cha kichwa hakijakaa vizuri.

"Chakula iko nyumbani," Oola alisema, kwa sauti ya mtu anayetoa ushahidi. "Huyu mama ni mvivu. Hapendi kupika."

Wote walimgeukia Santina. Hakuna aliyemuuliza. Mwalimu mkuu alitikisa kichwa kwa masikitiko na kumpa mkono sajini. Maneno yale Santina aliyameza, na hayajapata kusagika mpaka leo.

Kwa hiyo, miaka mingi baadaye, daktari aliposema kwamba Oola ana ugonjwa wa sukari, kwamba unene ule utamuua, kwamba asubuhi apewe uji mwepesi tu na tunda kidogo, Santina alisikiliza kwa makini kuliko alivyowahi kusikiliza padri. Sumu haikuhitajika. Wala hakuhitaji kupandisha sauti. Angemtunza mumewe vizuri sana.

Kliniki aliwahi kumsindikiza mwenyewe. Oola alikuwa amepungua, nguo zinamning'inia, na alipoona sista ana sura ya upole alimshika mkono.

"Binti, huyu mwanamke ananinyima chakula. Nalala njaa, naamka njaa."

Sista alimgeukia Santina. "Nnyabo, mama, unampa nini asubuhi?"

"Uji ya ulezi, kikombe moja. Haina sukari. Na papai."

"Vizuri sana. Ndivyo tulivyosema." Akampigapiga Oola begani. "Mzee, wote wanalalamika hivyo hivyo. Una bahati ya mke. Wengine wake zao wanawapikia chochote."

Katika macho ya Oola Santina aliona kitu anachokifahamu: hali ya mtu anayesema kweli mbele ya watu wasiomsikia. Akamshika mkono kwa heshima, akamwinua kwenye benchi. Njia nzima ya kurudi alitembea kama mtu aliyetoka harusini.

Hapo angeweza kutosheka. Hakutosheka. Siku iliyofuata alizidisha iliki katika sufuria ya wateja, na akaacha pazia wazi.

Rukiah ndiye aliyemletea habari, mchana mmoja, akihema kwa kupanda kilima. Sasa alikuwa mzee, mgongo umepinda, lakini bado alimuuzia Santina viungo.

"Mume wako ameanguka. Kwa matanga."

"Matanga ya nani?"

"Hata yeye hajui ni ya nani. Aliona turubai, akaingia, akakaa na wafiwa. Wanasema alikula sahani ya matoke, akarudi tena, akakunywa soda, na chai ya sukari. Watu walidhani ni ndugu ya marehemu, walimpa kila kitu. Halafu akaanguka hapo hapo kwenye mkeka."

Santina alihisi kicheko kikipanda, akakibana kwa kiganja. Sajini Oola, ambaye hakuwahi kukanyaga msiba wa jirani, ameketi na wafiwa asiowajua kwa ajili ya ndizi.

Rukiah hakucheka. "Nimemkuta na kikombe chako asubuhi nyingi, Mama Alal. Nimenusa. Haina kitu ndani."

"Daktari hakusema viungo."

"Daktari hakukataza. Mimi nilikupa ile kitu ili mtu mwenye njaa ashibe."

"Ulinipa kwa sababu ya kufuli yake," Santina alisema. "Usisahau hiyo."

"Sijasahau. Nilikuwa nasikia watoto kutoka kwangu." Rukiah alijishika kiuno. "Lakini sikukufundisha hii. Hii umejifunza kwake."

Hospitalini walishusha sukari, lakini kidonda kidogo alichokuwa nacho mguuni kilikuwa kimeoza, wakakata kidole. Santina alimuogesha, akambadilisha shuka, akasifiwa na wagonjwa wa vitanda jirani. Alipotazama ile bandeji alitafuta moyoni mwake ile furaha ya siku ya kliniki. Ilikuwapo bado, ila imepoa, kama uji uliosahauliwa ukafanya utando juu.

Alal alikuja kutoka Jinja, ambako alikuwa fundi wa kushona sare za shule. Alikuwa mwanamke mtulivu asiyewahi kumjibu mtu vibaya, na Santina alitarajia angelia. Jioni Oola aliporudishwa nyumbani na kulazwa, walikaa nje wawili, wakichambua ulezi kwenye ungo.

"Bibi Rukiah ameniambia kuhusu uji," Alal alisema.

Santina aliendelea kuokota mawe madogo. "Umekuja kunigombeza?"

"Hapana, Mama." Alal alipuliza makapi. "Nimekuja kusema usibadilishe. Mpe ile ile. Akienda tena kwa matanga, aende. Akikatwa mguu wote, akatwe. Mimi nitakuja kumzika, na nitavaa nguo mpya."

Aliyasema bila kupandisha sauti, vidole vyake vikicheza taratibu katika ulezi, na usoni mwake hapakuwa na hasira wala huzuni. Santina aliwahi kuuona uso ule. Ulikuwa mbele ya mwalimu mkuu, juu ya sare iliyopigwa pasi. Akauweka ungo chini.

Asubuhi alipika kama kawaida, isipokuwa hakuchota kwanza. Uji ulipoiva alitia viungo vyote, akafunika, akaibeba sufuria nzima mpaka mezani. Oola alikuwa ameketi, mguu juu ya kigoda. Aliitazama sufuria, kisha akamtazama Alal aliyeegemea mlango mikono imefungwa kifuani.

Santina alichukua upawa. "Baba Alal. Ndani ya ile stoo kulikuwa na nini?"

"Stoo gani?"

"Ile ya kufuli."

"Hayo ni mambo ya zamani."

"Uji iko hapa. Sema tu."

Mvuke ulipanda kati yao. Oola alimeza mate, na koo lake jembamba likapanda na kushuka. "Maharage," alisema.

"Ehe."

"Mchele. Mafuta. Sukari tuliyokuwa tunapewa kazini." Alisita. "Maziwa ya unga."

"Na?"

"Biskuti. Za kwenye bati."

"Nani alizikula?"

"Mimi. Mkienda kanisani."

Alal hakusogea pale mlangoni. "Na kule shuleni ulisema nini, Baba?"

"Nilisema mama yako ni mvivu."

"Ilikuwa kweli?"

Oola alishika ukingo wa meza. "Haikuwa," alisema, kisha akaongeza jambo ambalo hakuna aliyemuuliza. "Nilikuwa nasikia harufu ya uji yenu asubuhi, nikivaa viatu. Harufu nzuri. Na hamkuwa mnalia. Ile ilinichoma. Ndiyo nikaanza kupunguza unga."

Upawa ulibaki hewani. Hili Santina hakulijua. Miaka yote ile alidhani ni macho yake yaliyomdanganya, kwamba kikombe kile cha ndevu hakingeweza kupungua. Alijilaumu kwa kupika ovyo, kwa kumwaga, kwa kuwagawia watoto vibaya. Alimtazama mzee huyu aliyekonda, ambaye pua yake ilikuwa ikitanuka kuelekea sufuria bila yeye kujitambua, na akatamani kuumwaga uji wote sakafuni, mbele yake, tone kwa tone.

Akachota. Akamimina kwenye kikombe mpaka alama ile ile ya daktari, wala si zaidi, akakisukuma mbele yake.

Oola alikinyakua, akapiga funda kubwa, pilipili ikamshika kooni, akakohoa.

"Polepole," Santina alisema. Sauti ilitoka kali, sauti ya mtu anayeamuru. Oola alitii. Alipuliza, akanywa kidogo, akangoja, akanywa tena.

"Na kesho?" aliuliza, macho ndani ya kikombe.

"Kesho ni kesho."

Alal alikuwa amekwisha kuondoka mlangoni na kuichukua sufuria. Alikuwa ameimimina sehemu ya wateja ndani ya ndoo, ameifunika, na sasa alikuwa akiibeba kwa mkono kuelekea Kabalagala, bila kuaga na bila kuonja chochote. Santina alitoka mpaka kizingitini. Nyuma yake alisikia mafunda madogo madogo ya Oola, yenye mapumziko marefu katikati. Mbele yake binti yake alishuka kilima haraka, bega moja limelemewa, boda boda zikimpigia honi akae pembeni. Alipofika kwenye kona Alal aliitua ndoo chini. Alisimama pale akiusugua mkono wake, mgongo umeelekea nyumbani, na kwa mbali haikujulikana kama anataka kuihamishia ndoo mkono wa pili au kufungua mfuniko aonje.