Chupa ya Mama Mkwe

Nilimfokea Abel kwenye simu kabla hata hajanisalimia. "Mmenitilia nini kwenye huu mkojo?"

Mimi Generosa ndiye ninayeendesha mashine ya kromatografia hapa maabara, Shinyanga mjini. Abel alikuwa ameleta mkojo wa mama mkwe wake, Mama Aneth, anayepaka wanawake piko nywele na mikono kule Tinde. Figo zinamsumbua. Daktari alitaka kujua kama ile kemikali ya rangi, amini aromatiki, iliyomo kwenye piko inamwingia mwilini. Ikiwa inaingia, kazi basi, na kazi hiyo ndiyo iliyomlea Aneth, mke wa Abel.

Mashine huusukuma mkojo ndani ya mrija mwembamba. Vilivyomo vinaachana njiani, kila kimoja kinatoka kwa wakati wake na kuchora kilele kwenye kompyuta. Sasa, piko ikipita mwilini, ini huigeuza, kwa hiyo lazima tuone kilele cha pili, cha ile iliyogeuzwa. Mimi niliona piko tupu, kilele kama nguzo ya umeme. Cha pili hakuna! Hiyo haikupita kwa mtu.

"Dada, usikasirike," Abel akasema. "Chupa yenu inaonyesha ndani. Nipande basi na mkojo wa mkwe wangu, watu wanauona? Mayo! Aneth akauhamishia kwenye kichupa cheusi."

"Kichupa cha nini?"

"Cha piko. Lakini alikisuuza."

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Msukuma na mkwe wake, utamweza? Nikamwambia alete mwingine kwenye chupa yetu, aifunge kwa kanga hata tatu akitaka.

Akaleta. Safari hii vilele vilikuwa viwili, na cha pili ndicho kirefu. Nilirudia kupima nikiomba niwe nimekosea. Sikukosea, na iliniuma.

Mama Aneth alikuja na binti yake kusikia majibu. Abel alikaa benchi la mbali, asimkaribie mkwe, ndiyo heshima ya kwao. Daktari alipomaliza, mama akashusha pumzi.

"Basi nimeacha," akasema. "Wateja atawachukua Aneth. Ana mkono mzuri kunishinda."

Aneth akatabasamu, akaweka mkono juu ya tumbo. Mimba ilishaanza kuonekana. Vidole vyake vilikuwa vyeusi kwa piko mpaka kwenye kucha.

Nikachukua chupa nyingine kabatini, nikamfuata Abel kwenye benchi. "Hii ya mkeo."

Aliipokea mbele ya watu wote, wala hakuuliza habari ya kanga.