Lori Lililopita Mara Tisa

Lori la mchanga lilipopita mara ya nne kabla ya saa nne asubuhi, karani alishika kalamu akasita kabla ya kuandika. Taa ya kushoto ilikuwa imefungwa kwa kipande cha mpira. Aliiona saa moja, akaiona tena saa mbili, na kila mara lori lilikuwa tupu, likirukaruka kama debe.

Kazi yake ilikuwa kuketi kando ya barabara ya vumbi siku saba na kuchora mstari kwa kila gari, wa tano ukikata minne. "Siku hizi saba ndizo zitakazousemea mwaka mzima, dada," mhandisi alimwonya. "Tukipata wastani wa siku, ndio tunaopeleka juu. Ukituongezea gari moja kwa siku, umetuongezea mia tatu na sitini na tano kwa mwaka."

Tangu hapo hakumwamini mtu. Alimshuku fundi cherehani aliyemletea maji bila kuombwa. Alimshuku hata mwenye pikipiki aliyepita akarudi, kumbe alisahau kofia.

Mara ya tisa aliingia barabarani akainua mkono. Lori likasimama, kioo chenye vumbi kikashushwa. Kikulacho ki nguoni mwako: dereva alikuwa mume wa mdogo wake.

"Shemeji, unazunguka unatafuta nini?"

"Lami," alijibu. "Mwaka juzi walihesabu, wakasema magari hayatoshi. Yatatosha vipi na njia yenyewe ndiyo hii?"

"Kwa hiyo ukaamua kunifanya mjinga."

"Mdogo wako alijifungulia kwenye tope pale bondeni, gari limekwama. Wewe ndiye uliyempokea mtoto. Alilia?"

Karani alitazama chini.

"Usinitajie hayo nikiwa kazini."

"Basi andika kinachopita. Mimi si napita?"

Alirudi kwenye kiti. Mchana kucha mistari ile tisa ilimkodolea macho. Hakuifuta. Jioni, kwenye sehemu ya maoni, aliandika kwa herufi ndogo: *Lori moja, mara tisa, tupu.*

Mhandisi alipokuja kuchukua fomu alilisoma neno hilo mara mbili, kisha akamtazama kama anayepima noti bandia.

"Dereva unamjua?"

"Ni shemeji yangu."

"Na umeandika mwenyewe?"

"Nimeandika. Sasa na mimi nikuulize. Wanaoshindwa kupita wakati wa mvua, wanaandikwa wapi?"

"Wanaoshindwa?"

"Waliogeuza. Waliokwama. Waliobebwa kwa machela."

Mhandisi alipitisha kidole kwenye safu za fomu: pikipiki, gari dogo, basi, lori. Kidole kilifika ukingoni kikasita. Akaigeuza karatasi. Nyuma ilikuwa nyeupe tupu, na wote wawili wakasimama wakiitazama, huku vumbi la gari la mwisho likitua juu yake taratibu.