Bwana Kaimu

Kituo cha anga kilipojengwa nje kidogo ya Malaba, kaburi la Osukuku lilibaki ndani ya ua. Mkurugenzi wa kwanza alimwahidi mjane wake, Akiteng, kwamba halitaguswa, na kila Jumapili baada ya misa mlinzi alimfungulia geti akaingia na rozari yake. Alitaka jambo moja tu: siku yake ikifika, alazwe hapo kando ya mumewe.

Kisha yule mkurugenzi akaondolewa huko Nairobi, redio isiseme kwa nini. Wakaja wakubwa wengine, wakikaa kidogo na kwenda. Siku moja mlinzi alifika nyumbani kwa Akiteng, kofia mkononi, akasema Kaimu Mkurugenzi ameamuru kaburi litoke, sahani ya pili ya setilaiti inataka nafasi.

"Huyu Kaimu ni mtu wa wapi?" Akiteng aliuliza.

Mlinzi hakujua. Egwang, ndugu wa marehemu, alisema jina hilo ni la pwani, na watu wa pwani wanajulia wapi makaburi ya Wateso kama wao. Wakacheka kidogo, cheko la watu wasio na la kufanya. Akiteng alituma kumsihi Bwana Kaimu, akatuma tena. Jibu likawa lile lile. Basi padri akaja akaomba, ukoo ukachinja mbuzi, Egwang akachimba. Walichokitoa kilienea kwenye shuka moja. Wakakizika nyuma ya nyumba, kati ya mwamba na mpaka wa jirani, mahali pa mtu mmoja tu.

Mvua zilipoanza, mkurugenzi mpya alikuja kituoni mwenyewe, mwanamke mpole, Daktari Nerima. Akaona shimo lililoachwa na kaburi, akaagiza Akiteng aitwe. Egwang akamsindikiza na jembe lake begani.

"Mama, nani aliwaambia mmhamishe?"

"Kaimu."

"Kaimu yupi? Tumekuwa na wanne."

Daktari akaeleza taratibu kwamba kaimu si jina, ni mtu wa kushikilia kiti tu, na hakuna kaimu aliyekuwa na ruhusa ya kugusa kaburi. Hiyo sahani ya pili yenyewe ilishafutwa.

"Tutamrudisha, mama."

Egwang alikataa. Kwao, mifupa iliyokwisha kutolewa kwa damu ya mbuzi haichimbuliwi tena. Atakayeichimbua anaita kifo kingine nyumbani.

"Wewe mwenyewe unataka nini?" Daktari aliuliza.

"Nilikuwa nataka kulala kando yake."

Akiteng akachukua jembe begani kwa Egwang, akaanza kufukia lile shimo.