Oveni Tatu za Zubeida

Mama yangu hanunui kitu kwa kuambiwa. Mwambie kabeji hizi ni za Bura na zimevunwa leo asubuhi, atazibonyeza moja moja mpaka mwenye kuuza ajute kumkaribisha. Kwa hiyo aliposema anatafuta oveni mpya, nilijua kuna mtu ataumia, na nilijua ni Zubeida, mwenye duka la vyombo vya umeme pale mjini Voi.

Oveni ya zamani haikuwa na ubaya wowote. Mama aliwaambia watu kwamba kitufe cha moto kimelegea. Kitufe kilikuwa kimelegea tangu nikiwa shule ya msingi, na kwa kitufe hicho hicho alioka keki za harusi za nusu ya mtaa wetu wa Kaloleni. Aliiuza kwa mnunuzi wa vyuma chakavu mara tu tuliporudi kutoka Mwanda, kule milimani, kumzika Nyanya, mama yake mzazi. Mkokoteni ulipoondoka nayo, Mama alikuwa ameshafunga mlango wa jikoni.

Mimi najua kwa nini aliiuza. Siku Nyanya alipofariki, oveni hiyo ilikuwa na keki ya watu ndani. Mimi nilikuwa Mwanda nikimuuguza. Alipoanza kuzidiwa nilichukua simu nimpigie Mama, Nyanya akanishika mkono, akasema, "Mwache amalize kazi ya watu. Usimtie wasiwasi." Nikamwacha. Ningefanya nini? Kaa wewe kando ya kitanda kama kile uone kama utabishana na aliyelala. Nilipokuja kupiga simu, kilichobaki kilikuwa kupanga mazishi. Mama alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Haidhuru, Abby. Ulifanya ulivyoambiwa." Akakata simu. Tangu hapo hakuligusia tena jambo hilo, na sijamwona akilia, hata kaburini.

Baridi ilinianza kule kule mazishini. Sikushangaa, maana Mwanda ukungu unaingia mpaka ndani ya nyumba na watu wanazika wakiwa na majaketi. Lakini nilishuka nayo. Voi hii, ambako hata mbwa wanagombania kivuli cha gari, mimi nilifundisha watoto wa chekechea nikiwa nimevaa sweta. Watoto walicheka, nami nikacheka nao. Baridi yenyewe haikuwa ya mwili mzima. Ilikaa mahali pamoja, chini ya mfupa wa kifua, ukubwa wa ngumi. Daktari alipima malaria, akapima damu, akaniambia nipumzike. Nilipomweleza Mama, alisema nivae nguo nzito, akarudi kwenye mambo ya oveni.

Kwa Zubeida zilikuwepo aina tatu, zimepangwa ukutani. Valdora ilikuwa na sura nzuri, mlango wa vioo viwili, taa ndani, na vitufe vinavyong'aa. Bremhold ilikuwa nyeusi na nzito, unaweza kuitumia kwa gesi au kwa stima, na kwetu ambako stima hupotea ikijisikia, hilo si jambo dogo. Sayuki ilikuwa ndogo, haina madaha, ila nyuma ilikuwa na feni ya kusambaza joto. Zubeida alianza kusoma karatasi ya maelezo ya Valdora, Mama akamkatiza.

"Karatasi haijawahi kuoka keki. Abby, lete bati."

Nililibeba hilo bati kutoka Kaloleni, limefunikwa kitambaa, unga wa keki ukiwa umekorogwa tayari.

"Mama Abby," Zubeida akasema, "hapa dukani mwangu ndipo wataka kuoka?"

"Kwani wewe ukinunua viatu huvijaribu?"

Zubeida alicheka, akaichomeka Valdora. Ni mtu wa watu, na nadhani alihesabu kwamba harufu ya keki itamletea wateja. Iliwaleta kweli. Keki ilipanda vizuri, ikapata rangi, watu wakasimama mlangoni wakinusa. Mama akachoma kijiti katikati, kikatoka kikavu. Akaikata ikiwa bado ya moto, kitu ambacho hafanyi kamwe, akagusa katikati kwa kidole. Akakitoa haraka.

"Gusa," akaniambia.

Pembeni palinichoma. Katikati palikuwa baridi. Sisemi pabichi. Keki ilikuwa imeiva, chembe zake zimeshikana kama inavyotakiwa, lakini pale katikati palikuwa baridi kama maji ya mtoni Mwanda asubuhi. Niliitambua baridi hiyo. Nilitembea nayo kifuani.

"Moto wake haufiki katikati," Mama akasema. "Hii ni sura tu."

Zubeida naye akagusa, akajifuta kidole kwenye buibui lake. "Kama moto haukufika, mbona imeiva?"

Mama alikuwa ameshageuka kuitazama Bremhold.

Tulirudi na bati jingine baada ya siku kadhaa. Safari hii Zubeida alikuwa amejiandaa. Aliingiza mkate wake wa mayai kwenye trei ya chini, keki yetu ikakaa juu, oveni moja, moto mmoja. Mkate wake ulitoka ukiwa moto kila mahali. Aliubomoa mbele yetu akatupa tuonje, tukapuliza vidole. Kisha Mama akashika kisu. Kilipozama katikati ya keki, nilihisi kitu kikisogea chini ya mfupa wa kifua changu, taratibu, kama mtu anayejigeuza kitandani. Nilishikilia meza. Keki ilikuwa baridi kuliko ile ya kwanza. Zubeida hakuigusa tena.

"Raba ya mlango imelegea," Mama akasema. "Joto linatoroka."

"Wallahi, Mama Abby, raba hiyo hata moshi haupiti. Na mkate wangu je?"

"Mkate wako ni mwepesi."

Mama alikuwa anaongea na oveni zaidi ya kuongea na sisi. Alifungua mlango, akafunga, akainama akachungulia ndani kana kwamba kuna mtu amejificha humo. Nilisimama nyuma yake nikitetemeka, na hakugeuka. Hapo ndipo nilipoogopa. Baridi nilikuwa nimeizoea kidogo. Kilichoniogopesha ni jinsi alivyofanya bidii nisiwe mbele ya macho yake.

Nikaenda kwa Anti Penina, mdogo wake Mama, ambaye ana saluni hapo hapo mjini. Ni mtu wa mzaha mwingi, na aliponiona na sweta alianza: "Wewe umehamia Ulaya bila kuaga?" Nikachukua mkono wake nikauweka kifuani kwangu. Mzaha ukaisha. Aliutoa mkono akaufikicha kwenye aproni.

"Abby, nani ana kitu na wewe?"

Nilijua anachouliza. Kwetu Taita, mtu wa damu yako akikuwekea hasira moyoni inakupata, hata kama mwenyewe hajui kwamba anayo. Mzazi ndiye mbaya zaidi, kwa sababu yake inafika bila kukosea njia. Dawa yake haiuzwi popote. Ni kutasa: mwenye hasira anachukua maji mdomoni, anakupulizia, anasema hana kitu moyoni na anakutakia uzima. Ni lazima ayatoe yale maji, kwa sababu hasira inatoka nayo. Wakristo wengi wanasema waliacha mambo hayo, halafu mtoto akiumwa na hospitali ikishindwa, kikombe cha maji kinatafutwa na mlango unafungwa.

"Labda Nyanya," nikasema. "Labda alikufa na kitu."

"Nyanya alikufa amekushika mkono. Huyo hana kitu na wewe." Akazungusha kitana mkononi. "Dada yangu anasemaje?"

"Alisema haidhuru."

Anti Penina alifunga saluni mchana kweupe, akasema na yeye anataka kuiona hiyo oveni ya tatu.

Tulimkuta Mama kwa Zubeida na bati la tatu. Ilikuwa adhuhuri, jua limesimama juu ya mabati, barabara haina mtu. Sayuki ilinguruma kidogo na feni yake. Safari hii hapakuwa na wateja mlangoni. Habari zilikuwa zimezunguka. Zubeida alikaa mbali, midomo ikicheza, nadhani alikuwa akisoma dua. Mama alisimama mbele ya kioo muda wote, mikono ameikunja, akiitazama keki ikipanda.

Alipoikata, mvuke ulitoka pembeni kama kawaida. Katikati kulitoka kitu kingine. Kilikuwa ukungu, mweupe, mzito, ule ambao haupandi bali unashuka. Ulimwagika ukingoni mwa bati, ukatambaa juu ya meza, ukaanguka sakafuni karibu na miguu yangu. Nilifungua mdomo nimwite Mama, na pumzi yangu ikaonekana. Voi, saa ya mchana, nilitoa pumzi ikaonekana nyeupe mbele ya uso wangu.

"Subhanallah," Zubeida akasema, akasimama. "Mama Abby, oveni zangu hazina kosa. Mwangalie mtoto wako."

"Niagizie aina nyingine kutoka Mombasa," Mama akasema.

"Tryphena!" Anti Penina alimshika bega akamgeuza kwa nguvu, mpaka tukawa uso kwa uso, mimi na Mama. Ilikuwa mara ya kwanza tangu mazishi kunitazama machoni. Sijui aliona nini. Mimi niliona mtu aliyechoka vibaya.

"Una kitu na huyu mtoto," Anti Penina akasema.

"Nilishamwambia haidhuru."

"Ulimwambia kwa mdomo."

Nilidhani Mama atamfokea, kwa sababu hakuna anayemwambia Mama kitu cha namna hiyo akabaki salama. Badala yake aliongea polepole, na nilitamani angefoka.

"Nyote mlikuwa naye. Abby alimshika mkono. Wewe Penina ulimwosha. Mimi nilikuwa na keki ya watu nisiowajua. Sikupata neno lake la mwisho, sikupata hata kulia. Nilichopata ni hiki." Alijigusa kifuani, mahali pale pale pangu. "Hiki ndicho cha mama yangu nilicho nacho. Sasa mnaniambia nikitoe. Nikikitoa nibaki na nini?"

Zubeida alizima Sayuki, feni ikazunguka ikasimama.

"Utabaki na Abby," Anti Penina akasema mwishowe.

Mama alinitazama tena. Akavua sweta yake ya kanisani aliyokuwa ameifunga kiunoni, akanivalisha juu ya ile yangu, akafunga vifungo kimoja kimoja kama alivyofanya nilipokuwa mdogo. "Twende nyumbani," akasema. "Nitafanya."

Tulifika Kaloleni jua likianza kulegea. Jikoni, mahali ilipokuwa oveni, ukuta ulikuwa na alama nyeusi ya mafuta na sakafu ilikuwa safi kupita kwingine. Mama aliniweka hapo. Anti Penina alijaza kikombe maji ya mtungi, akampa, akatoka nje akavuta mlango, kwa sababu jambo hili ni la wawili. Nilimsikia akikohoa uani na kuku wakimkimbia.

Nilikuwa na hofu, lakini furaha ilikuwa kubwa zaidi, niseme ukweli. Nilikuwa nimemkosa Mama kuliko nilivyokosa joto. Alikuwa ananitazama usoni, macho yamejaa maji kwa mara ya kwanza, na nikawaza kwamba yakishuka tu, mambo yote yamekwisha.

"Fumba macho," akasema.

Nikafumba, nikainua uso. Nikasikia kikombe kikigusa meno yake. Nikasikia akivuta maji, mashavu yakijaa. Nikangoja. Nilijua maji yatanipiga ghafla, kwa hiyo nilikaza macho, na nikajikuta natabasamu kama mtoto anayeogeshwa.

Nikaendelea kungoja. Pumzi yake ya puani ilikuwa nzito, karibu sana na uso wangu. Ilikuwa pumzi ya mtu aliyebeba kitu na anayetafuta pa kukiweka. Ikasimama.

Halafu nikamsikia akimeza.

Hakumeza kwa bahati mbaya. Alimeza mara moja, yote, polepole, na koo likatoa ile sauti ndogo ya mtu aliyekunywa dawa yake. Baridi iliyokuwa kifuani mwangu ikajinyoosha, ikalala vizuri, kama mgeni aliyeambiwa asiondoke.

"Sina kitu moyoni, mwanangu," Mama akasema. Sauti yake ilikuwa ya upole kabisa. "Upate uzima."

Nilimhurumia. Nilimwogopa pia, lakini kwanza nilimhurumia. Nje Anti Penina aliuliza kama tumemaliza. Nikafumbua macho, nikainua kiganja, nikajifuta uso uliokuwa mkavu, nikasema, "Asante, Mama."