Swali la Getini

Geti la nyumbani kwao, huko Kabati, lilifungwa kwa mnyororo na kufuli, na ufunguo alikuwa nao Kanyiva. Ndivyo harusi zinavyoanza huku: watu wa bwana harusi huimba nje mpaka wenye binti waridhike. Lakini leo nyimbo ziliimbwa zikaisha, kreti za soda zikapokewa, akina mama wakavishwa leso, na Kanyiva bado hakuridhika. Ukweli ni kwamba hakutaka kuridhika. Mbinya, bibi harusi, alikuwa pacha wake. Walilala kitanda kimoja mpaka walipomaliza shule, na sasa huyu Mwau, na tabasamu lake la kuudhi, alitaka kumpeleka kwao Makindu!

"Kuna swali moja," alitangaza. "Mkishindwa, mrudi kwenu."

Kanyiva alisomea mambo ya seli chuo kikuu, na swali alilichagua kwa hila.

"Seli ikitaka kugawanyika, kila kromosomu hujitengenezea nakala. Hizo mbili tunaziita dada, na dada hao wameshikana kwa gundi. Ni protini gani inayolinda gundi hiyo, dada wasitenganishwe mapema?"

Nje walianza kuulizana.

"Aiya! Hiyo ni swali gani sasa?" mjomba wa Mwau alilalamika. "Sisi tumekuja kuoa, hatukukuja kufanya exam!"

"Ndengu!" mwingine, aliyejua protini za chakula tu, akajaribu bahati yake.

Kanyiva alicheka mpaka akashika mbavu. Alijua amewaweza.

"Shugoshini!"

Sauti ilitoka ndani ya nyumba. Mbinya, shela kichwani, alikuwa amejitokeza dirishani nusu mwili. "Mwau, sema shugoshini! Na umwambie wakati ukifika inatoka njiani!"

"Shugoshini!" Mwau akapaza sauti. "Na wakati ukifika inatoka njiani!"

Vigelegele vikapasua anga. Kanyiva alisimama pale, uso ukimwaka. Kila alipomsomea Mbinya tasnifu yake kwenye simu, alidhani mwenzake anasinzia. Kumbe alisikiliza yote, hata ile sehemu ambayo Kanyiva mwenyewe aliiruka leo makusudi: mlinzi akikataa kuondoka, dada hukwama na seli huharibika.

"Msaliti wewe!" alimfokea, machozi na kicheko vikishindana.

"Fungua basi, Kanyiva. Nataka kwenda!"

Hakuwahi kumsikia dada yake akiwa na furaha namna hiyo. Akafungua kufuli, akalisukuma geti mpaka mwisho, kisha akaanzisha yeye mwenyewe wimbo wa kumtoa bibi harusi.