Swali la Arobaini na Moja

Jumamosi asubuhi, baada ya kuosha vyombo, Nzisa alipangusa meza na kufungua kijitabu cha maswali ya mazoezi. Alikuwa mhudumu wa ambulensi kwa miaka kumi na moja, na leseni yake ilikuwa imebakisha wiki tatu kuisha; ili kupata mpya ilibidi afanye mtihani. Swali la arobaini lilihusu mtoto aliyeungua kwa maji moto. La arobaini na moja lilihusu mtaa wa Kangemi.

Mwanamke mjamzito anavuja damu nyuma ya soko. Mmefika saa tatu na dakika kumi na mbili. Bado anaongea. Ofisi inawaambia mmwache, mkamchukue mteja wa kampuni kule Lavington, kwa matajiri. Utafanya nini?

Tukio hilo lilikuwa la kweli, na ripoti yake ilisema mgonjwa alifariki kabla ya ambulensi kufika. Nzisa ndiye aliyeitia sahihi. Ukweli, kwamba walimwacha akiwa hai, waliujua yeye, ofisi, na Kitavi, mwenzake wa zamu aliyekuwa kwenye usukani.

Alimpigia Kitavi, ambaye naye angefanya mtihani Julai, akamsomea swali hilo.

“Yangu iko na maswali arobaini tu,” Kitavi alisema, kisha akashusha sauti. “Nani amekuuliza mambo ya Kangemi?”

Nzisa alikata simu. Huenda Kitavi alikuwa amesema. Huenda ofisi ilitaka kujua kama yeye angesema.

Jumatatu alienda mjini, kwenye kibanda alikonunua kijitabu. Debra, muuzaji, alimfungulia vingine kumi. Vyote viliishia swali la arobaini. Akasoma la Nzisa, akasema labda hilo lilikuwa lake peke yake.

Jumamosi iliyofuata yule mgonjwa wa Kangemi mwenyewe alibisha hodi nyumbani kwa Nzisa, mtaa wa Jamhuri. Jina lake Mukai, na tumbo lilikuwa bado kubwa. Nzisa alimwekea mto mgongoni, akampima mapigo kwa mazoea, akayakosa, akammiminia chai. Kisha akauliza kama ametumwa na ofisi.

“Hapana, daktari. Swali ni langu. Nataka tu jibu.”

Nzisa alisema leo asingemwacha. Mukai alimtazama kama mnunuzi anavyotazama mizani ya muuzaji.

“Basi andika,” alisema.

Siku ya mtihani swali lilikuwepo, ukurasa wa mwisho. Wenzake walikuwa wamesharudisha karatasi. Nzisa aliandika saa, amri, jina la aliyeitoa, na kwamba sahihi iliyo chini ya ripoti ya uongo ni yake mwenyewe.

Alipata arobaini kwa arobaini. Ukurasa wa mwisho ulirudi bila alama. Aliupeleka kwa msimamizi wao, Mwau, akaomba ripoti irekebishwe. Mwau aliusoma wote, akasema faili hiyo ilishafungwa, akampongeza kwa leseni mpya na kumpanga zamu ya Jumatatu. Nzisa akaenda kazini.

Mukai alirudi kuuliza kama ripoti imebadilishwa.

“Bado.”

Mukai alimaliza chai yake polepole.

“Na huyo mwenzako wa usukani,” alisema, “ambaye bado sijamuuliza, anakaa wapi?”

Nzisa alimwandikia mtaa na nambari ya mlango.